Omba ripoti ya CRB kabla ya kulipa arbuni ya nyumba

Kwa Mhariri,

Mtu anayetafuta nyumba ya mkopo hapa Kenya huanza na nyumba yenyewe. Huzunguka Kitengela, Ruiru au Mtwapa, akaipenda moja, akatafuta wakili, akatia saini mkataba wa mauzo na kulipa arbuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei. Wiki kadhaa baadaye ndipo benki hufungua rekodi yake ya mikopo. Ikikuta deni lililoandikwa kuwa halijalipwa, ombi linakwama huku siku za kukamilisha ununuzi, ambazo mikataba mingi huziweka kuwa 90, zikiendelea kuhesabiwa. Nyumba ikiwa ya Sh6 milioni, arbuni ni Sh600,000, na mikataba mingi humpa muuzaji haki ya kuizuia mnunuzi akishindwa kukamilisha. Watu wanapoteza akiba ya miaka kwa jambo ambalo wangeliona mapema, tena bure.

Nasema bure kwa sababu wengi hawajui. Kanuni za Benki Kuu kuhusu mashirika ya taarifa za mikopo, haya tunayoyaita CRB, zinampa kila mteja haki ya kupata ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo kutoka kwa kila shirika. Mashirika yenye leseni ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hizo ni ripoti tatu kwa mwaka ambazo hupaswi kulipia hata shilingi. Ukinyimwa mkopo kwa sababu ya ripoti, una haki ya nakala nyingine bila malipo. Hali kadhalika kosa likisharekebishwa.

Kinachowachanganya watu ni kile cheti cha CRB ambacho waajiri na tume za serikali hukidai wakati wa kutafuta kazi, na ambacho ada yake imekuwa ikifika Sh2,200. Mnunuzi wa nyumba huenda akakilipia, akakiweka kwenye faili akidhani kazi imekwisha. Cheti hicho kinasema tu kwamba kwa siku ile huna deni baya. Hakionyeshi mikopo uliyonayo, miezi uliyochelewa wala nani amekuwa akiichungulia rekodi yako. Benki haitakitegemea, maana itavuta ripoti kamili yenyewe, na wewe unahitaji kuona kile kile itakachokiona. Omba ripoti, acha cheti.

Kuiomba si kazi kubwa. Mashirika yote matatu yana tovuti au programu ya simu, na Metropol ina pia huduma ya *433# kwa asiye na simu janja. Unaulizwa nambari ya kitambulisho, majina kamili na nambari ya simu. Ukikuta unadaiwa ada ya kujisajili au ya kuona alama zako, yaani ile nambari inayopima ulivyo mlipaji, soma vizuri kabla ya kulipa: mara nyingi ada hiyo ni ya huduma za ziada, kama kuarifiwa kila rekodi inapobadilika, wala si ya ripoti ya mwaka. Usipoona mahali pa ripoti ya bure, andika barua pepe kwa kitengo cha wateja, ambatisha nakala ya kitambulisho, na useme wazi kwamba unaomba ripoti yako ya mwaka ya bila malipo kwa mujibu wa kanuni. Hata ukiamua kulipia huduma za simu kwa kuona ni rahisi zaidi, gharama yake huwa ni mamia ya shilingi tu. Na kujichungulia mwenyewe hakupunguzi alama. Kinachoweza kuzishusha ni wakopeshaji wengi kuvuta rekodi yako kwa kipindi kifupi, jambo linalomtokea anayepeleka maombi ya mkopo kwenye benki tano kwa mwezi mmoja akijaribu bahati.

Ziombe ripoti zote tatu kwa pamoja, angalau miezi mitatu kabla ya kuanza kukagua nyumba. Wakopeshaji hupeleka taarifa kwa mashirika yote, lakini ripoti hazifanani neno kwa neno. Deni lililosahihishwa katika moja huweza kubaki bila kuguswa katika nyingine, na huwezi kujua benki yako itatumia ipi.

Ripoti ikifika, usikimbilie alama. Alama za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa. Nambari hiyo ni matokeo tu, na chanzo chake kimo kwenye kurasa zinazofuata. Anza na majina, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya kitambulisho, kwa sababu tarakimu moja iliyokosewa na karani inatosha kukubebesha deni la mtu usiyemjua. Kisha pitia akaunti moja moja: mkopeshaji, tarehe ya kufunguliwa, kiasi cha mwanzo, salio, siku za kuchelewa na hali ya akaunti. Benki hupanga mikopo kwa siku za kuchelewa. Ukivuka siku 30 unawekwa chini ya uangalizi, ukivuka 90 mkopo unahesabiwa kuwa mbaya, na hapo ndipo afisa wa mikopo ya nyumba husita hata kama deni lenyewe ni la Sh3,000.

Majina ya wakopeshaji huwachanganya wengi. Mikopo ya M-Shwari huonekana kwa jina la benki ya NCBA, kwa sababu mkopeshaji ni benki, si kampuni ya simu. Mtu huona jina la benki ambayo hajawahi kuingia mlangoni mwake, akafikiri ni utapeli, akaiacha, kumbe ni mkopo wa simu aliouchukua zamani akausahau. Angalia pia kiasi: tangu kanuni za 2020, deni lisilofika Sh1,000 halipaswi kuorodheshwa kama taarifa mbaya. Ukilikuta la Sh640 limekuwekea doa, hilo ni kosa na una haki ya kudai lirekebishwe. Na kama ulikuwa miongoni mwa mamilioni ya wakopaji wa simu waliopewa nafuu na Benki Kuu kuanzia Novemba 2022, pale taasisi zilipotakiwa kupunguza angalau nusu ya deni kwa watakaolipa hadi mwisho wa Mei 2023, hakikisha kwamba ile sehemu uliyosamehewa haionekani hadi leo kama salio.

Madeni ambayo watu hawakujua wanayo ndiyo huumiza zaidi. Akaunti ya benki iliyoachwa bila kufungwa rasmi huendelea kukatwa ada za mwezi mpaka salio linakwenda chini ya sifuri. Kadi ya mkopo isiyotumika hutozwa ada ya mwaka. Mdhamini wa mkopo wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, anaweza kujikuta ameorodheshwa baada ya rafiki kuacha kulipa. Hundi iliyorudishwa kwa kukosa fedha nayo huingia kwenye rekodi. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wa enzi za chuo kikuu, ambao mwenyewe aliuacha akidhani atakumbushwa, unaweza kuwa umepelekwa CRB huku faini ikijilimbikiza. Kisha kuna hili ambalo ni dhuluma tupu: mwajiri anakata marejesho kwenye mshahara lakini hayapeleki kwa mkopeshaji kwa wakati, na anayeorodheshwa ni mfanyakazi. Aliye katika hali hiyo akusanye hati za mshahara za kila mwezi zinazoonyesha makato. Hizo ndizo silaha yake.

Ndugu zetu walioko Oman, Saudia na Qatar wanaotuma fedha za kununulia nyumba nyumbani wawe waangalifu zaidi. Laini ya simu ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huweza kumpa mtu mwingine. Notisi ya siku 30 ambayo mkopeshaji anatakiwa kuitoa kabla ya kukuorodhesha kwa mara ya kwanza huenda kwenye nambari ile ya zamani. Unaorodheshwa ukiwa Muscat bila habari.

Ukikuta kosa, anzia kwa mkopeshaji, maana CRB haiwezi kubadilisha taarifa kwa neno lako peke yako. Mwandikie, usipige simu tu. Ambatisha nakala ya ripoti ukiwa umeuzungushia duara mstari wenye kosa, kitambulisho, na ushahidi wa malipo. Ujumbe wa M-Pesa ukiwa umefutwa, taarifa ya miamala unaweza kuiomba kupitia *334# au programu ya simu. Dai vitu viwili: barua inayosema deni limelipwa lote, na uthibitisho kwamba taarifa mpya imepelekwa CRB. Watu wengi hupata barua hiyo na kutulia, kumbe hakuna aliyebonyeza chochote. Siku hiyo hiyo wasilisha pingamizi kwa shirika lililotoa ripoti, ili liweke alama kwenye taarifa yenye mgogoro na kuichunguza. Mkopeshaji akikaidi, lalamika kwa maandishi Benki Kuu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kudai taarifa za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe, na kukitaja kwenye barua si kujitia ujuaji. Tenga mwezi mzima kwa shughuli hii, kisha omba ripoti mpya uone kwa macho yako.

Deni likiwa la kweli, lipa, lakini ujue kitakachotokea. Hali hubadilika na kusomeka limelipwa, ila historia ya kuchelewa hubaki kwa miaka 5 tangu siku ya kulimaliza. Kwa hiyo anayejitangaza mtandaoni kwamba atafuta jina lako CRB kwa Sh5,000 ni mwizi. Taarifa iliyo sahihi haifutwi kwa kulipa wakala, na iliyo na kosa husahihishwa bure. Mbaya zaidi, unakuwa umemkabidhi tapeli nakala ya kitambulisho chako, na kesho mkopo mwingine unachukuliwa kwa jina lako.

Historia yenye doa haikufungii mlango moja kwa moja. Kuorodheshwa peke yake hakutakiwi kuwa sababu ya kumnyima mtu mkopo, na deni dogo lililolipwa, likiambatana na barua ya maelezo na mwaka mzima wa kulipa kwa wakati, husikilizwa na benki nyingi na Sacco. Tofauti hujitokeza kwenye riba, kwa kuwa benki hupanga bei kulingana na hatari ya mteja. Chukua mkopo wa Sh5 milioni wa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 14, rejesho la mwezi ni kama Sh62,200. Kwa asilimia 16 ni kama Sh69,600. Hizo ni Sh7,400 za ziada kila mwezi, na mpaka mkopo uishe zimezidi Sh1.7 milioni. Kwa kiasi hicho, kungoja miezi sita rekodi itulie kabla ya kuomba mkopo kuna faida kubwa kuliko kuhofia kwamba nyumba itachukuliwa na mwingine.

Wanaonunua kwa pamoja, mume na mke au ndugu wawili, wote wachunguzwe, kwa kuwa benki itawaangalia wote. Mwenye kampuni aombe na ripoti ya kampuni. Na kwenye mkataba, mwambie wakili aweke kifungu kwamba mauzo yanategemea benki kukubali mkopo, na kwamba arbuni ikae kwa wakili wa muuzaji bila kuguswa mpaka mauzo yakamilike, irudishwe benki ikikataa. Wauzaji wengine hukataa kifungu hicho. Muuzaji akikataa, na wewe hujaiona ripoti yako, usitie saini.

Ninayo maombi mawili kwa wahusika. Mashirika ya CRB yaiweke ripoti ya bure ya mwaka mahali pa kwanza kwenye tovuti na kwenye huduma za simu, juu ya vifurushi vya kulipia, kwa kuwa haki iliyofichwa chini ya matangazo haimfikii mwalimu wa Kilifi wala mwenye duka wa Eldoret. Na benki inayomkatalia mtu mkopo wa nyumba kwa sababu ya ripoti impe barua inayoeleza hivyo na kulitaja shirika lililoitoa. Kanuni zinaitaka ifanye hivyo, lakini wateja wengi wanaambiwa kwa mdomo tu kaunta kwamba mfumo umekataa, nao wanaondoka bila kujua waanzie wapi kurekebisha.

Msomaji wenu,
Mombasa