Volti za wapi, mkondo wa wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nichangie makala ya elimu mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu namna ya kukokotoa ukinzani na nguvu ya umeme kwa kutumia volti na mkondo. Kanuni zilizotolewa ni sahihi: ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani kwa omu, na ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu kwa wati. Kilichokosekana, nacho ndicho kinachowaangusha wanafunzi wengi na hata baadhi ya mafundi, ni swali la kuulizwa kabla ya kushika kikokotoo: volti hizo zimepimwa kati ya ncha zipi, na mkondo huo unapita katika kitu gani?

Tuchukue birika la umeme linalovuta ampea 10, huku mita iliyowekwa kwenye ncha za koili yake ikisoma volti 230. Ukinzani wa koili ni omu 23 na nguvu yake ni wati 2,300. Hapo hakuna mjadala. Sasa tuseme mita hiyo hiyo, ikipelekwa kwenye nyaya zinazoingia katika soketi wakati birika likiendelea kuchemsha, inasoma volti 235, na kwamba volti 5 zilizopungua njiani zimeishia pale pini ya plagi inapogusana na soketi iliyolegea. Mkondo ni ule ule wa ampea 10, kwa kuwa njia ni moja, lakini volti za mguso huo ni 5 tu, kwa hiyo ukinzani wake ni nusu omu na nguvu inayogeuka kuwa joto hapo ni wati 50. Wati 50 zikiongezwa kwenye birika lenye maji hakuna atakayezitambua. Zikikusanyika mahali pasipozidi ukubwa wa ncha ya kidole, zinaweza kuyeyusha plastiki ya plagi, wala fyuzi haitakatika, kwa sababu mkondo haujazidi kiwango chake. Anayechukua volti 235 na kuzigawanya kwa 10, akidhani amepata ukinzani wa mguso, ataandika omu 23.5, jibu ambalo halimwambii lolote kuhusu kile kinachoungua.

Kwa swali hilo hilo unatatuka pia utata ambao makala iliuruka, ingawa hakuna darasa la fizikia usikoulizwa. Kanuni moja inasema nguvu ni mraba wa mkondo mara ukinzani, hivyo ukinzani ukiongezeka nguvu huongezeka. Nyingine inasema nguvu ni mraba wa volti ukigawanywa kwa ukinzani, hivyo ukinzani ukiongezeka nguvu hupungua. Zote mbili ni kweli, ila inategemea ni kipi kinachobaki pale pale. Vifaa viwili vilivyounganishwa sambamba hupata volti zile zile, na chenye ukinzani mdogo ndicho kinachotumia nguvu kubwa zaidi. Vitu viwili vilivyofuatana katika njia moja hupitiwa na mkondo ule ule, na chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachopata joto zaidi. Matokeo ambayo James Joule aliyachapisha mwaka 1841, kwamba joto la waya hufuata mraba wa mkondo, yanahusu hali hii ya pili.

Waya za kusafirisha umeme zinaonyesha jambo hili kwa tarakimu zisizosahaulika. Kupeleka wati 10,000 kwa volti 250 kunahitaji ampea 40, na kama waya za kwenda na kurudi zina ukinzani wa omu 1, zitameza volti 40 na kupoteza wati 1,600. Nguvu hiyo hiyo ikisafirishwa kwa volti 2,500, mkondo ni ampea 4, volti zinazopotea ni 4, na hasara ni wati 16 tu. Mwanafunzi anayechukua volti 2,500, akazipiga mraba na kugawanya kwa omu 1, atapata wati milioni 6.25 za hasara, yaani mara 625 ya nguvu yote iliyotumwa! Hakukosea hesabu, amechukua volti za mtambo na kuipa waya.

Tahadhari ya pili ni hali ya kifaa wakati wa kupimwa. Balbu ya uzi ya wati 60 kwa volti 240 huvuta ampea 0.25, kwa hiyo ukinzani wake ikiwaka ni omu 960. Ukiipima ikiwa baridi, mita inaweza kuonyesha omu 70 hivi, na anayetumia namba hiyo atadhani ana balbu ya zaidi ya wati 800. Kanuni aliyoitoa Georg Ohm mwaka 1827 hudai joto la waya lisibadilike, sharti ambalo ile pembetatu maarufu ya herufi tatu (V ya volti, I ya mkondo na R ya ukinzani) haina mahali pa kuliandika. Kwa mota zinazotumia umeme geu, volti mara ampea hazitoi wati halisi mpaka zizidishwe pia kwa kipengele cha nguvu, yaani uwiano wa wati halisi kwa zao hilo la volti na ampea. Kuhusu miliampea nitasema moja tu: 20 zikiandikwa kama ampea 20 badala ya 0.02, ukinzani hupungua mara elfu na nguvu huongezeka mara elfu.

Naomba basi makala zijazo za safu hiyo ziambatanishe kila mfano na mchoro mdogo unaoonyesha ncha mbili za mita zimegusa wapi, na zieleze kama kifaa kilikuwa kinafanya kazi wakati huo. Nafasi itapatikana kwa kupunguza mazoezi ya kuhamisha herufi za kanuni kutoka upande mmoja wa alama ya sawa kwenda mwingine, ambayo msomaji yeyote anayejua kugawanya ameshayamudu.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mwalimu wa fizikia