Plagi isitupwe kabla ya kusomwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu na wenye magari. Injini ya petroli ikianza kumisi, yaani silinda kushindwa kuchoma petroli, wengi hukimbilia kufunga plagi mpya, na zile kuukuu huishia jalalani bila kuangaliwa. Huo ni ushahidi unaotupwa, na gari hurudi gereji na ugonjwa uleule.

Kwanza litembeze gari mpaka injini ipate moto sawasawa, kwa sababu likinguruma muda mrefu limesimama, hata plagi nzima hushika masizi. Kisha acha ipoe kabisa ndipo ufungue. Nyuzi za silinda hedi ya alumini huharibika kirahisi zikiwa za moto. Puliza uchafu shimoni, toa plagi, zipange kwa namba za silinda.

Plagi yenye afya ina kauri ya kahawia hafifu au kijivu. Masizi makavu yanayofutika kwa kidole yanaonyesha petroli imezidi hewa, au cheche ni dhaifu. Weusi unaong'aa kwa oili ni wa ringi za pistoni au sili za valvu, na hapo plagi mpya haitibu kitu. Iliyolowa petroli haichomi. Ukiona kauri nyeupe yenye malengelenge na ncha iliyoliwa, joto limezidi, mara nyingi kwa petroli kuwa chache. Hiyo usiiahirishe, pistoni inaweza kutoboka.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Uliza: ni moja au ni zote? Ikiwa moja, shida iko kwenye silinda hiyo. Hamisha koili yake, inayoipa plagi umeme wa cheche, kwenda silinda ya jirani: mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha P0302 (silinda namba 2 inamisi) badala ya P0301 ya awali (silinda namba 1), koili ndiyo mbovu. Zikiwa zote zimefanana, tafuta kinachozihudumia zote: filta ya hewa, presha ya petroli, sensa ya kupima hewa, au sensa ya joto la maji. Hii ya mwisho husahauliwa sana. Ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta humwaga petroli ya ziada safari nzima.

Petroli huungua sawasawa kwa uwiano wa takriban 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito, na kompyuta hurekebisha kiasi cha petroli kila wakati; mashine huonyesha marekebisho hayo kwa asilimia. Marekebisho yasiyozidi asilimia 10, juu au chini, hayana neno. Yakifika 20 juu gari likiwa limesimama, kisha yakashuka injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inapenya mahali: mpira umepasuka au gasketi ya manifoldi imechoka. Yakizidi kupanda kadiri unavyokanyaga mafuta, pima pampu na filta ya petroli.

Hapa ndipo wengi hukosea. Silinda isiyochoma hutoa oksijeni yake yote kwenye moshi. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi huhesabu oksijeni, haioni petroli mbichi, kwa hiyo hutoa taarifa kwamba petroli ni chache. Kompyuta huongeza, na plagi za silinda zisizo na kasoro nazo huanza kuwa nyeusi. Injekta hulaumiwa, zikafunguliwa na kuoshwa, kumbe koili moja imekufa. Ndiyo maana nasisitiza cheche ichunguzwe kabla ya mafuta.

Unapofunga mpya, fuata mwanya wa ncha za plagi ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Nyingi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1. Plagi za iridiamu zisikwanguliwe kwa brashi ya waya. Plagi mpya yenye washa (ringi ya chuma ya kuzibia) izungushe kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza nusu mzunguko kwa spana.

Na kwa dereva: taa ya injini ikipepesa ukiwa barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta na usimame mapema panapofaa. Petroli isiyochomwa inaungulia ndani ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na katalisti ikiyeyuka gharama yake inaipita mbali ile ya plagi na koili.

Fundi wa injini za petroli