Ule usiku wa kura kwenye Succession

Sasa beshte, hiyo joto ya Kisumu inakutesa aje? Huku Nakuru mvua ilinyesha hadi stima ikapotea siku mbili, iliporudi ndio nikakaa chini kumaliza Succession, ile series ya TV umenisumbua nayo tangu iishe 2023 nami nakwambia shida za matajiri wa New York hazinihusu.

Wacha tu. Nimefika ile episodi ya uchaguzi wa rais wa Amerika nikakosa usingizi. Kura zimeungua huko Milwaukee, na Roman, Kendall na Shiv, hawa watoto wa Logan, yule tajiri wa vyombo vya habari, mzee amekufa na hata hajazikwa, ndio wanaamua stesheni yao itangaze nani mshindi. Roman anataka mgombea Mencken juu atawazuilia dili ya Matsson, yule tajiri Mswidi anayetaka kununua kampuni yao, basi, hana sababu ingine. Kendall angalau anawaza mtoto wake, anamwambia Shiv apige simu upande wa Jiménez, mpinzani wa Mencken, aulize kama nao wanaweza kuzuia hiyo dili, na Shiv anajifanya amepiga! Huyo alinikasirisha kuliko Roman. Usiku wote alikuwa anasema ukweli, lakini alikuwa ashawekwa mfukoni na Matsson kimyakimya, kwa hivyo binamu yao Greg alipomchomea kwa Kendall, ule ukweli wake ukakosa mwenyewe. Tom naye, mkubwa mzima wa habari, kazi yake ni kuangalia upepo wa mabosi unavuma wapi.

(Ile ya wasabi kwa macho nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.)

Sasa kuna kitu sijawahi kukwambia. Unakumbuka ile kura niliyokuwa ajenti wa yule mgombea wa MCA, yaani mwakilishi wa wadi? Saa tisa usiku, tunasinzia kwa madawati ya nasari, jumla ya karani na yangu zikapishana kwa kura tisa. Nilihesabu tena kwa daftari, tisa. Nikafungua mdomo, halafu nikakumbuka tuliambiwa pesa ya ajenti inatoka ukirudisha nakala ya fomu imesainiwa, na nikifungua mjadala hapo tutakesha. Nikasaini 36A, hiyo fomu ya matokeo ya MCA. Nikajiambia tisa haziwezi badilisha mshindi, na kweli hazikubadilisha, lakini nilisaini kabla sijajua hivyo.

Hiyo pesa ndio nilinunulia vile viatu vyekundu. Vile uliazima ukaenda navyo harusi Kakamega, na hujavirudisha hadi leo.