Bibi amekuja na picha

Nkuhungu, Dodoma
Julai, usiku

Mwanaidi mwenzangu,

Salamu kwanza. Mji kasoro bahari hamjambo? Mama mguu umepoa? Huku tu wazima, ila upepo wa Julai umetupasua midomo na vumbi limeingia hadi kwenye kopo la chumvi. Nimekaa kimya tangu ile arobaini ya shemeji yake Sikitu, unisamehe. Ningepiga simu, lakini jambo hili nikilisema kwa sauti nalia. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilipokwambia nataka kufungua ofisi ya kuasili watoto, ukaniuliza kama nitaweka bango la "Watoto wanapatikana hapa"? Ulicheka, lakini neno lile lilinikaa. Nilipoisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nikaona ulikuwa umenigusa penyewe. Mimi sina mamlaka ya kumpa mtu mtoto. Anayempeleka mtoto kwa familia ni ustawi wa jamii, na amri ya kuasili, ile inayomfanya mtoto kuwa wako kisheria, inatoka Mahakama Kuu. Kwa hiyo taasisi yetu inawaandaa wazazi. Tunakaa nao, tunawasikiliza, tunawasaidia na makaratasi, kisha tunawasindikiza ofisi ya ustawi. Afisa anakwenda kwao, anaona mtoto atalala wapi, anaongea na majirani na mjumbe. Baada ya hapo mtoto anakaa nao kwanza kwa malezi ya kambo, yaani wanamlea bila kumwasili, afisa akiwaangalia, ndipo shauri liende mahakamani.

Sasa sikia. Kuna mume na mke wa Ipagala, niwaite Baba na Mama, majina yao tuyaache. Wamelea katoto ka kike tangu Februari. Kaliokotwa kakiwa kachanga, ndugu wakatafutwa wakakosekana. Mama yule kaacha biashara yake ya vitenge, kakabeba mgongoni hadi sasa kanatambaa. Juma lililopita akaja bibi kutoka Chamwino, ametembea ofisi tatu na picha ya binti yake mkononi. Binti alifariki. Kanga aliyovaa binti pichani ndiyo ile ile mtoto aliyokutwa nayo.

Mwanaidi, nilikaa na ile picha kama saa nzima. Ustawi walikuwa hawajaiona, maana bibi alielekezwa kwangu kimakosa. Asubuhi yake nikampeleka ustawi mwenyewe, nikamshika mkono. Tangu siku hiyo Mama wa Ipagala hapokei simu yangu. Mumewe alipokea mara moja tu, akasema, "Dada, tulikuamini." Sijala vizuri tangu hapo.

Na usidhani nawalaumu. Hawa si kama yule bwana aliyekuja na bahasha mwezi wa nne, akitaka mtoto wa kiume, "mweupe kidogo," afike kabla ya Idi. Yule nilimrudishia bahasha yake mlangoni, kwani kulipana kwa ajili ya kuasili ni kosa kisheria, na hata kusingekuwa kosa nisingeipokea. Tupo kumtafutia mtoto wazazi. Anayetaka kuchagua kama anachagua kuku wa Sabasaba, kwetu hana kazi.

Lakini hawa wa Ipagala walikuja na moyo. Na wewe unajua kwa nini nilianza. Unamkumbuka yule binti wa Kongwa tuliyesoma naye? Kalelewa na baba mlezi tangu ananyonya, hakuna aliyeandika popote. Siku baba alipozikwa, baba wadogo wakasema hii si damu yetu, akatolewa nje na begi moja. Amri ya mahakama ingemfanya mtoto wa nyumba ile, na urithi wake. Kwetu ugogoni kulea mtoto wa ndugu ni jambo la kila boma, hatulihesabu hata kuwa wema, ila karatasi hatuna.

Na si kila mtu anahitaji karatasi ile ile. Kuna wanandoa Waislamu wa Chang'ombe waliniambia wazi, tunataka kulea yatima, nasaba yake hatuigusi. Nikafurahi. Malezi ya kambo yanawafaa, mtoto anabaki na jina la baba yake, na wakitaka kumwachia kitu wataandika wasia ndani ya ile theluthi ya mali ambayo dini inaruhusu kuusia. Wewe utawaeleza vizuri kuliko mimi.

Narudi kwa bibi. Macho yake hayaoni vizuri, anaishi na wajukuu wanne, na mvua ya mwaka huu haikumpa uwele wa kufikia Desemba. Ustawi wanamchunguza sasa. Kuna wanaoninong'oneza kwamba ningenyamaza mtoto angekula vizuri. Najua angekula. Lakini angekuja kuuliza siku moja mama yake alikuwa nani, na mimi ndiye niliyeishika ile picha. Natamani Ipagala na Chamwino wakae mkeka mmoja, bibi awe bibi, wale waendelee kulea. Ila sijui kama Mama yule atakubali hata kuniona, na uamuzi wenyewe si wangu...

Sasa shida yangu kwako. Katiba ya taasisi iko tayari kwenda kwa Msajili wa NGO, na muhtasari wa kikao cha waanzilishi tumeshausaini. Nataka kifungu kinachosema hatupokei hata senti kwa mzazi anayetaka mtoto, kiandikwe kiasi kwamba hata nikifa asitokee wa kukipinda. Wewe ndiye wakili. Utaipitia? Na kwenye bodi utaingia, au bado una kinyongo cha ile harusi? Kwa bibi, mahakama huwa inamtazamaje ndugu anayejitokeza katikati ya malezi, amri haijatoka? Ana haki ya kusikilizwa hata kama hajui kusoma? Tena, wewe ni mama: ungekuwa Mama wa Ipagala, ungetaka nikufuate nyumbani, au nikuache kwanza?

Treni ya umeme ipo, panda Ijumaa jioni ukimaliza kazi. Nitakuja stesheni kukupokea. Jumamosi twende wote Chamwino, bibi ameniomba nimpelekee dawa ya macho.

Wako,
Pendo