Vijana, msiruke majina ya Mathayo 1

Wanangu wa kwaya na nyie mnaopangwa kusoma neno ibadani, marahaba, najua shikamoo zenu ziko njiani.

Krismasi iliyopita kijana wetu mmoja alisimama mbele kusoma Mathayo sura ya 1, ile orodha ya ukoo wa Yesu, akaenda vizuri tu mpaka "Shealtieli akamzaa Zerubabeli", hapo akaguna, akasogeza skrini ya simu kwa kidole, akasema "na kuendelea", huyoo katua kwa Yusufu. Watu wakacheka na mimi nilicheka, sikatai. Ila nilipofika nyumbani nikafungua Biblia nikahesabu, kumbe kwenye ile "na kuendelea" kawameza watu tisa. Abihudi, Eliakimu, Azori, Sadoki, Akimu, Eliudi, Eleazari, Matani, Yakobo.

Sasa hao ndo nataka tuwaongelee, maana akina Tamari, Rahabu na Ruthu, wale wanawake wa orodha hiyohiyo, mshawasikia kila sikukuu ya akina mama inapofika.

Zerubabeli tunamjua, yumo kwa nabii Hagai, liwali wa Yuda, aliongoza kujenga hekalu upya kama mwaka 520 KK baada ya watu kurudi kutoka Babeli. Baada yake kimya. Majina kama Sadoki na Eliakimu mtayakuta pengine kwenye Biblia lakini ni watu wengine, hawa wa Mathayo hawana kisa hata kimoja, hawakupigana vita, hawakuota ndoto, hakuna aliyewaimbia. Na hapo katikati ni kama miaka 500 hivi, Waajemi wametawala wakapita, wakaja Wagiriki, wakaja Warumi, na ukoo wa Daudi upo tu hauna kiti wala jeshi, unashuka mdogomdogo kutoka ikulu mpaka unaishia Nazareti kwa fundi seremala. Sasa niambieni, mtoto wa Azori alikuwa anaambiwa nini na baba yake? Kwamba sisi ni wa nyumba ya Daudi, na huku ushuru wanadaiwa kama watu wengine wote.

Na msidhani orodha zilikuwa za kujazia kurasa. Someni Ezra 2, kuna makuhani walirudi kutoka uhamishoni wakatafuta majina yao kwenye kumbukumbu za nasaba hayakuonekana, wakatolewa kwenye ukuhani hapohapo.

Ila na nyie mnaojifunza kuhubiri niwaonye kidogo, msije mkaanza kumtungia Azori maisha. Nimeshasikia mtu anachukua maana ya jina anatengeneza mahubiri ya saa nzima, eti alikuwa mtu wa maombi, amejuaje? Tumeachiwa jina, basi tubaki na jina.

Kwenye orodha hiyo anayetajwa kidogo lakini kwa karibu ni Obedi, mtoto wa Ruthu, baba yake Yese, babu yake Daudi. Yeye mwenyewe hasemi neno popote. Ruthu 4 inatuonyesha tu bibi Naomi, aliyefiwa na mume na wanawe wote wawili, anamchukua katoto kale anakapakata kifuani anakuwa mlezi wake, alafu majirani wanawake ndo wanampa jina, sio baba wala mama, majirani! Wanasema Naomi kazaliwa mwana. Mimi hapo huwa nasimama kidogo kabla sijaendelea.

Alafu kuna kitu ambacho aliyeruka hakipati kabisa. Ukisoma majina yote kwa sauti sikio linazoea, akamzaa, akamzaa, akamzaa, unakuwa kama unatwanga kwenye kinu, ukifika mstari wa 16 unategemea usikie Yusufu akamzaa Yesu. Haisemi hivyo. Inasema Yakobo akamzaa Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa Yesu. Mchi umekosa pigo moja, na Mathayo kakusudia. Sasa wewe uliyeanzia kwa Yusufu utausikiaje huo mkatiko wakati hukuwepo kwenye kutwanga?

Kwa hiyo Krismasi hii hatubadilishi msomaji, ni yuleyule, na asione aibu, mimi mwenyewe Aminadabu na Nahshoni ziliwahi kuniangusha mbele ya mchungaji. Jumamosi mkimaliza mazoezi mnisubiri, tutasoma mstari wa 1 mpaka 16 kwa kupokezana, kila mtu na majina yake matatu manne, chai nitakuja nayo mimi. Atakayepewa Zerubabeli aje na Azori pia.