Barua kutoka Lisbon

Rukia mpenzi,

Salamu nyingi, na za mama mpe. Mimi mzima, ila magoti yananilaani. Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vikapangwa maua na mawimbi. Vimesuguliwa na nyayo hadi vinang'aa. Manyunyu kidogo tu, utelezi mtupu. Vikongwe wa hapa wanapita na vikapu vyao bila wasiwasi, mimi natambaa nimeshika ukuta.

Nilianzia Alfama, chini ya ngome ya São Jorge. Wallahi ungedhani uko Kibokoni, kwetu Mombasa! Kichochoro kinapinda, kinageuka ngazi, mara umetokea kwenye kiwanja ambapo mtu ameanika shuka zake. Na si ajabu, maana Waislamu waliutawala mji huu zaidi ya miaka 400, mpaka Afonso Henriques, mfalme wa Ureno, alipouteka mwaka 1147. Ramani ya simu ilinichosha, nikaizima nikafuata harufu ya samaki wa kuchoma.

Ukiteremka bondeni, Baixa, unaingia mji mwingine kabisa. Barabara zimenyooka, nyumba zote kimo kimoja. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka. Waliokimbilia ufukweni wakakutwa na mawimbi, kisha moto ukala mji siku kadhaa. Alfama ilinusurika sehemu kubwa, Baixa ikafutika. Aliyesimamia ujenzi mpya ni waziri wa mfalme, Marquês de Pombal. Ndani ya kuta wakaficha viunzi vya mbao vilivyofungamana kama tenga, ili tetemeko likirudi nyumba iyumbe isianguke. Naisifu akili hiyo, ila kutembea pale hakuna utamu. Kila kona unaijua kabla hujaifikia. Afadhali kupanda hadi Carmo, kanisa ambalo paa lake halikurudishwa tangu siku ile. Umesimama kanisani, juu yako matao matupu na njiwa.

Halafu nikafuata mto Tejo mpaka Belém, mwendo mrefu wa jua kali, sikupendekezei. Kwenye monasteri ya Jerónimos, ukiingia tu, kushoto kwako amelala Vasco da Gama. Huyo huyo wetu! Kaburi la mawe, limechongwa merikebu. Jengo zima ni la kustaajabisha, nguzo zake nyembamba zimenakshiwa kama lesi, na sehemu ya gharama ililipwa na ushuru wa biashara ya viungo vya Mashariki. Niliipenda kazi ya mafundi, na moyo ukaniuma papo hapo. Mtembezaji mmoja alikuwa akiwaeleza wageni wake kwamba marehemu ndiye aliyeifungua njia ya India. Nikanyamaza, lakini wewe unajua: mwaka 1498 Mombasa walimshuku, Malindi wakampa rubani, na upepo wa kusi ukamvusha. Mabaharia wa pwani na Waarabu walikuwa wakienda na kurudi kwa kusi na kaskazi kabla babu yake hajazaliwa. Habari za Almeida, Mreno mwenzake aliyeuchoma mji wetu mwaka 1505, sikuzisikia kabisa.

Mjomba wako bado anawatembeza wageni Ngomeni, pale Fort Jesus? Mwulize kama Wareno wanaofika pale humwuliza lolote kuhusu moto ule. Nataka sana kujua huwajibu nini.

Wako,
Zuhura