Kilo mbili za vitabu

Melbourne, Australia, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, ni baridi tu inayonionea. Uliniagiza vitabu tangu kabla ya Ramadhani, ukasisitiza, "Vya waandishi wa huko huko, wa siku hizi," nami nikanyamaza hata ukadhani nimekupuuza. Wallahi sikukupuuza, nilikuwa natafuta msafiri. Sasa nimempata, jirani yangu anayekwenda Mombasa mwezi ujao. Amenipa nafasi ya kilo mbili kwenye begi lake na hataki kusikia zaidi, maana amebeba viatu vya ukoo mzima. Basi Jumamosi tatu nimeshinda Maktaba ya Jimbo la Victoria, chini ya lile kuba kubwa nililokutumia picha yake, nikisoma kidogo kidogo ili nijue nikununulie kipi na kipi nikiache.

Cha kwanza nilikijua hata kabla sijakimaliza. Kinaitwa The Yield, mwandishi wake ni Tara June Winch. Kilitoka 2019, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Miles Franklin, ambayo kwa riwaya huku ndiyo kubwa. Winch ni Mwiradjuri, wenyeji wa asili wa upande wa bara wa New South Wales. Kwenye riwaya yuko mzee, Albert Gondiwindi, anajua maradhi hayatamwacha, basi anakaa kuandika kamusi ya lugha ya wazee wake asije akafa nayo. Anaianza kinyumenyume, kutoka Y kurudi A, na kila neno analichomolea kisa: cha mto, cha samaki, cha watoto waliochukuliwa kwao. Mjukuu wake August anarudi kutoka Uingereza kuja mazikoni, anakuta kampuni ya madini inataka kuchimba bati pale pale penye nyumba yao.

Somo, liko neno ngurambang. Maana yake ni nchi, kwenu. Sisi tungesema palipozikwa kitovu chako. Mzee anataka ulitamke sawasawa, litokee nyuma kabisa ya kinywa, mpaka usikie ladha ya damu. Nililitamka kwa sauti mle maktabani, kijana wa meza ya pili akaniangalia. Nikakukumbuka wewe na daftari lako la Kiamu, lugha yetu ya Lamu, na ndia na mato na tini, na yale maneno ya mabaharia unayomdodosa babu kabla ya alasiri. Usiniambie tena kwamba unapoteza wakati. Maneno ya yule mzee wa kitabuni si ya kubuni; yametegemea kamusi ya Kiwiradjuri ya Stan Grant mzee na John Rudder, watu waliokaa wakafanya kazi hiyo hiyo yako. Na hili utalipenda: mwaka 2008, Winch alipokuwa bado msichana mwenye kitabu kimoja tu, aliyepewa kumlea kiuandishi alikuwa Wole Soyinka.

Cha pili ni cha punda. Usicheke.

Alexis Wright ni Mwaanyi, watu wa kusini mwa Ghuba ya Carpentaria, kaskazini kabisa ya nchi hii. Riwaya yake Praiseworthy ilitoka 2023, ina kurasa zaidi ya 700, na ndiyo itakayokula nusu ya zile kilo. Wingu zito la ukungu limetanda juu ya mji na haliondoki. Bwana mmoja, Cause Man Steel, amekata shauri kwamba mafuta yatakwisha duniani, na siku hiyo atakayetajirika ni mwenye punda. Punda waliletwa Australia karne ya 19 kubeba mizigo, magari yalipokuja wakaachiliwa porini wakazaana. Basi yeye anazunguka jangwani kuwakusanya, akimtafuta hasa mmoja wa kijivu cha kung'aa kama fedha, ndiye awe kiongozi wa msafara. Watu wa mji wanamwona kichaa. Mimi niliyekulia kwenye vichochoro ambamo gari halipiti, nilimwona mtu mwenye akili timamu, ila hajapata kuambiwa kwamba punda afe mzigo wa bwana ufike.

Lakini si kitabu cha kuchekesha tu. Mwanawe mkubwa anaitwa Aboriginal Sovereignty, yaani mamlaka ya wenyeji wenyewe juu ya nchi yao, na mara anataka kujiua. Soma jina halafu usome tukio, utaona mwandishi anachokifanya. Mdogo ana miaka minane, anaamini kila ubaya serikali inaousema juu ya watu wake, mpaka anamwogopa babake. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kupika.

Kitakuchosha, nakuambia mapema. Mimi nilikwama mara tatu kabla ya ukurasa wa 60. Sentensi zinazunguka, zinarudi, kama mzee wa barazani asiyekubali kuharakishwa. Wright mwenyewe amewahi kueleza kwamba alipokuwa akitafuta namna ya kusimulia aliwaangalia waandishi wa mbali, kama Carlos Fuentes wa Meksiko, ambao kwao zamani haijapita. Riwaya yake ya mwaka 2006, Carpentaria, ilikataliwa na wachapishaji wakubwa, ikachukuliwa na Giramondo, nyumba ndogo tu, na mwaka uliofuata ikatwaa Miles Franklin. Praiseworthy nayo imepata tuzo hiyo 2024, pamoja na ya Stella. Tuzo hizo mbili zimepewa majina ya mwanamke mmoja: Stella Miles Franklin, aliyetoa riwaya yake ya kwanza 1901 akatumia Miles, jina la kiume, akaliacha Stella nyumbani. Mwaka 2009 na tena 2011, orodha ya mwisho ya Miles Franklin haikuwa na mwanamke hata mmoja. Wanawake wakaanzisha yao, wakaipa lile jina lililoachwa nyumbani.

Cha tatu ni chembamba, nimekichagua kwa uzito kwanza, sikufichi. The Plains cha Gerald Murnane, cha 1982. Mtu anakwenda nyanda za bara kutengeneza filamu, anakaa miaka na miaka katika maktaba ya tajiri mmoja na filamu haitengenezeki. Basi, kisa ni hicho. Ila Murnane mwenyewe ndiye kisa. Ana zaidi ya miaka 80, anaishi Goroke, kimji kidogo magharibi mwa Victoria, na hajapanda ndege maishani. Lakini alipokisoma kwa tafsiri kitabu cha Gyula Illyés wa Hungaria, juu ya watu wa nyanda za huko, kilimshika hata akajifunza Kihungaria utu uzimani ili akisome chenyewe. Hungaria hajaiona. Hebu niambie nani kati yetu amependa kitabu hivyo.

Richard Flanagan wa Tasmania hakupata nafasi, na roho inaniuma. Babake alikuwa mfungwa wa Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia, mmoja wa waliojengeshwa ile reli ya Burma. Mwana alipoandika riwaya juu ya reli hiyo, iliyopata tuzo ya Booker ya Uingereza mwaka 2014, aliipa jina la kitabu cha Bashō, mshairi wa Kijapani. Nimelifikiria hilo sana kwenye tramu. Na 2024 alipewa tuzo ya Baillie Gifford huko London, akazikataa zile pauni 50,000 mpaka wadhamini waeleze watapunguzaje fedha walizoweka kwenye mafuta na makaa. Huyo nitamngojea msafiri mwingine.

Jirani atamwachia mzigo shangazi yangu pale Mombasa, utaupata kwa mtu wa basi. Badala yake nitumie picha za daftari, kurasa zote za herufi M, nami nitakupigia chapa jioni nikitoka kazini. Nisalimie nyumbani kote. Babu mwambie huku kuna bwana anatafuta punda wa rangi ya fedha. Akisema anaye, mwulize bei.

Ni mimi somo yako